Kabla ya kuhesabu samaki, jua mwezi uko siku ya ngapi

Kila mwaka vijana wa vyuo vyetu hushushwa pwani na bodi ya kupimia, mizani ya kuning'iniza na bunda la fomu, wakaambiwa wakusanye takwimu za samaki. Nami nilipita njia hiyo. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulihusu tasi na samaki wengine wa kwenye majani, yaani nyasi za bahari, katika ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja. Niliingia kaskazi ikiisha, nikapitisha masika na kusi yote, nikatoka kaskazi nyingine ikianza kuvuma. Naandika kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi anapanga bajeti yake na kuchagua diko (mahali vyombo vinaposhushia samaki) la kukaa, awe anakwenda Pemba, Mafia, Kilwa au Lamu. Yapo mambo ambayo hakuna mhadhiri aliyenieleza, na yalinigharimu fedha, usingizi na karibu msimu mzima.

Kwanza niseme kwa nini Chwaka. Makazi matatu ya samaki yamo ndani ya ghuba moja. Kusini, upande wa Charawe na Ukongoroni, kuna msitu wa mikoko, na mkondo wa Mapopwe unaingia katikati yake. Ukitoka hapo unakuta uwanda mpana wa mchanga na nyasi za bahari, ambao maji ya bamvua, yale yanayojaa na kutoka kwa nguvu zaidi, yakitoka sehemu yake kubwa hubaki wazi. Mlangoni mwa ghuba, mashariki, ndipo palipo na miamba ya matumbawe. Wapo samaki wanaopita makazi haya yote katika uhai wao. Changu wengi hukulia kwenye majani na mikoko, kisha husogea mwambani wakishanenepa. Tasi, ambaye wanasayansi humwita Siganus sutor, hula mwani na majani yenyewe, ndiyo maana madema, mitego ya kusukwa, ya ghuba hii humnasa zaidi yeye na pono wa majani. Kwa hiyo samaki aliyelala dikoni bila wewe kujua katoka kona gani ya ghuba amekuletea nusu tu ya habari zake.

Vibali. Uvuvi si jambo la Muungano: Bara ina Sheria ya Uvuvi ya 2003, Zanzibar ina yake ya 2010, na utaratibu wa kuruhusu utafiti nao ni wa pande mbili. Kibali cha Bara hakikuvushi bahari. Mimi natoka Tanga, nikalazimika kuanza upya mjini Unguja. Barua ikashuka wilayani, ikafika kwa sheha, kiongozi wa shehia, kutoka kwa sheha ikaenda kwenye kamati ya uvuvi ya shehia. Kila ngazi ilichukua muda wake, na wakati huo nalipa chumba mjini bila kugusa hata mkia wa samaki mmoja. Panga tarehe zako kwa kuanzia msimu unaoutaka, kisha rudi nyuma miezi kadhaa, na fedha za miezi hiyo ziwe kwenye bajeti, zenye jina lake. Wafadhili hawapendi kuona fungu la "kusubiri", lakini kusubiri kupo na kuna nauli, kodi na chakula.

Kibali kiliniruhusu kukaa dikoni. Hakikumlazimisha mtu kunijibu. Wiki za mwanzo wavuvi walinipita na mitungo yao kama hawanioni, na usiku nilikuwa nalia chumbani. Nilidhani wananichukia. Baadaye ndipo nilipoielewa historia niliyoikalia. Wategaji wa madema wa Marumbi na wavuvi wa nyavu za kukokota wa Chwaka waligombana kwa miaka mingi, kwa sababu nyavu zikikokotwa juu ya majani huyaburura madema ya wenzao na kuyang'oa majani. Mgogoro huo uliandikwa na watafiti waliotutangulia, na upo kwenye maandishi ambayo yeyote anaweza kuyasoma kabla ya kufunga safari. Katika mahali kama hapo, mgeni mwenye kalamu anayeuliza "unatumia chombo gani, na macho ya wavu wako yana upana gani" anaulizia jambo linaloweza kumpeleka mtu mahakamani.

Aliyenifungulia njia ni mzee mmoja mtegaji wa madema. Siku moja alikaa kando yangu, akaitazama fomu kwa muda, akasema:

"Mwanangu, hizi karatasi zikitoka hapa zinakwenda kwa nani?"

Nikamwambia ukweli: zinakwenda kwangu na kwa msimamizi wangu, majina ya watu hayaandikwi, na nitakayoyapata nitayarudisha hapa kabla sijayapeleka popote. Akauliza tena, serikali ikiyataka je? Nikamjibu kwamba jumla na wastani wataweza kuviona, lakini hakuna karatasi itakayoonyesha fulani kavua nini kwa chombo gani. Akanyamaza, kisha akaniambia nikasalimie kwake. Nikaenda, nikaamkia, nikakaa na mkewe na wakwe zake mpaka alasiri. Tangu siku hiyo watu walianza kunijibu. Ukienda kijijini bila jibu la swali la yule mzee, usianze kazi. Na lijibu kwa mambo unayoweza kuyatimiza tu.

Mimi ni mwanamke, na jambo la kupanda ngalawa na wanaume halikuwa dogo. Nililipitisha kwa wake zao kwanza. Nikaajiri kijana wa palepale kuwa msaidizi, kila safari akawa pamoja nami, na nahodha akaitangaza safari nyumbani kwake siku moja kabla. Mabinti watakaosoma haya wasione kuwa ni kurudi nyuma. Heshima ile ndiyo iliyonipa nafasi ya kwenda majini mwaka mzima bila neno baya kusemwa.

Sasa fomu, maana hapa ndipo kazi nyingi za uvuvi huharibikia.

Nilikabidhiwa fomu ya mradi uliopita. Ilikuwa na safu ya tarehe, chombo, aina ya samaki na kilo. Mzee yule yule aliipitia safu kwa safu akauliza, "Mwezi mmeuweka wapi?" Hakuwa akiulizia Julai wala Agosti. Alitaka kujua iko wapi tarehe ya mwezi wa mbinguni, kwa sababu maisha yote ya dikoni yamefungwa hapo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua; katikati yake ni maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana. Kwenye bamvua maji yanatoka mbali, na wapo wategaji wanaofika sehemu fulani za ghuba siku hizo tu. Kwenye maji mafu hubadili mahali, au hubaki nchi kavu wakasuka madema mapya. Samaki nao wana kalenda yao. Huko Shelisheli watafiti wamethibitisha kuwa tasi wa aina hii hukusanyika kutaga karibu na mwezi mpevu. Wazee wa kwetu wanajua siku ambazo tasi hutembea kwa makundi, nao hawahitaji kuambiwa na mtu.

Tazama hatari iliyopo. Mpango wa kazi nilioukuta ulisema nipime kila baada ya wiki mbili, Jumatatu. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni karibu siku 14 na robo tatu. Anayefika kila baada ya siku 14 atajikuta miezi miwili mfululizo anakutana na hali ileile ya maji, kisha polepole anateleza kuingia kwenye maji mafu. Takwimu zake zitaonyesha samaki wamepanda, halafu wameshuka, na ataandika kurasa nyingi kueleza kupanda na kushuka ambako kumetokana na ratiba yake mwenyewe. Nikaomba ruhusa ya msimamizi kubadili mpango. Siku za kupima nikazipanga kwa tarehe za mwezi: siku kadhaa za bamvua na siku kadhaa za maji mafu katika kila mwezi. Kwenye fomu nikaongeza tarehe ya mwezi, upepo uliopo, na jina la mahali palipovuliwa kama wavuvi wanavyopaita.

Kisha juhudi, yaani kazi iliyotumika kuwapata samaki hao. Kilo peke yake hazisemi kitu. Madema kumi yaliyolala usiku mmoja na madema kumi yaliyolala siku tatu hayalingani, hata yakitoa mtungo wenye uzito uleule. Uliza madema mangapi yameinuliwa, yamelala muda gani, wamekwenda watu wangapi, wametoka saa ngapi. Na zaidi ya yote, andika aliyerudi mikono mitupu. Mvuvi aliyekosa hapiti kwenye mnada, anafunga ngalawa yake na kwenda nyumbani, naye asipoingia kwenye karatasi wastani wako utaisifu bahari kuliko inavyostahili. Niliwahi kusoma ripoti ambazo hazikuwa na sifuri hata moja mwaka mzima. Sasa nikiona ripoti ya namna hiyo naiweka kando.

Lipo na suala la kitoweo. Samaki wa nyumbani hutolewa chomboni kabla ya mnada, na mara nyingi hutolewa wadogo, kwa sababu wakubwa wana bei. Ukikaa kwa dalali ukasubiri samaki waletwe, utapima wakubwa peke yao, halafu utaandika kuwa ukubwa wa samaki wa ghuba ni mzuri. Ngoja majini, chombo kinapogusa mchanga.

Kupima urefu nako kuna mtego. Kabla hujapima wa kwanza, amua kama utapima hadi ncha ya mkia au hadi kwenye panda yake, uandike uamuzi huo juu ya kila karatasi. Takwimu za zamani nilizotaka kulinganisha nazo hazikusema zilipimwa vipi, na kwa samaki mwenye mkia uliogawanyika tofauti hiyo inatosha kumfanya mdogo aonekane mkubwa. Sikuweza kuzitumia. Iliniuma sana, maana kuna watu waliotoa jasho kuzikusanya.

Tasi ana miiba 13 mgongoni na 7 chini ya tumbo, yote ina sumu, na mapezi yake ya tumboni yana miiba pia. Akikuchoma, tia mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, maana joto huivunja ile sumu. Mimi nilikuwa nabeba chupa ya chai yenye maji ya moto kila siku. Ukitembea majini kokota miguu badala ya kuinyanyua, taa aliyelala mchangani akusikie aondoke.

Kujua samaki ni mkubwa kiasi gani hakutoshi. Lazima ujue kama amewahi kutaga, na kwa hilo ni lazima apasuliwe. Hapa bajeti nyingi hufa. Samaki aliyepasuliwa hushuka bei, mvuvi hatakubali, nawe huna fedha ya kununua mtungo mzima kila siku. Mimi fedha za utafiti zilichelewa kufika na nilikuwa nimekwishakopa kwa kaka yangu. Nilichofanya ni kwenda kwa akina mama wanaokaanga samaki. Wao hununua tasi kila siku na lazima wamtumbue. Nikaomba kukaa nao, nitumbue mimi, wao wapumzike. Kabla ya kumtumbua nikampima, kisha nikatazama mayai na mbegu za kiume, nikaandika amefika hatua gani. Wakapata mfanyakazi wa bure, nami nikapata samaki wengi kuliko ambao fedha yoyote ya mfadhili ingeninunulia. Zaidi ya hapo nilipata elimu. Wale mabibi walijua ni siku zipi za mwezi tasi huja wamejaa mayai, na waliweza kumtambua kabla hajakatwa, kwa kumbonyeza tumbo tu.

Kazi ya chini ya maji nitaipitia upesi. Kupima majani kwa fremu ya nusu mita kwa nusu mita ni kazi ya subira, na ni vizuri uyajue majani kwa majina yake, angalau Enhalus yenye ukanda mrefu, Thalassia hemprichii na Thalassodendron ciliatum yenye shina, kwa sababu samaki hawayapendi kwa kiwango kimoja. Kuhesabu samaki kwa kupiga mbizi fanya maji yanapojaa kutoka nje, ndipo yanapokuwa safi. Maji yanayotoka huja na tope la ghuba, na utaandika "hakuna samaki" mahali ambapo huoni hata mkono wako.

Mwaka ulipoisha nilikuwa na makaratasi ya kujaza meza, na kishawishi kikubwa. Kila mtu alitaka niseme samaki wamepungua. Wavuvi walisema hivyo, mimi mwenyewe niliamini hivyo na bado naamini. Lakini mwaka mmoja hauonyeshi kupungua. Unaonyesha mwaka mmoja. Niliweza kusema tasi wengi walionaswa walikuwa bado hawajafikia ukubwa wa kutaga, na kwamba madema yaliyotegwa kwenye majani mazito yalitoa samaki wengi kuliko yale ya mchangani. Kuhusu zamani nikawauliza watu, kwa kuwatenga kwa umri: wazee peke yao, watu wa makamo peke yao, vijana peke yao. Ukiwaweka pamoja wazee watasema na vijana wataitikia. Ukiwatenga utashangaa jinsi kila rika linavyoihesabu bahari ya ujana wake kuwa ndiyo bahari ya kawaida, na kijana anaita tasi mkubwa yule ambaye babu yake angempa paka. Majibu hayo niliyaandika kama kumbukumbu za watu, katika sura yao, bila kuyachanganya na vipimo vyangu.

Ahadi niliyompa mzee ililazimisha mrejesho. Fedha zilikuwa zimekwisha, nikalipia mwenyewe nauli na chai ya mkutano. Wewe liweke fungu hili kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Grafu sikuzipeleka. Nilichukua karatasi ndefu nikachora samaki kwa urefu wao halisi: huyu ni tasi wa kawaida katika madema ya mwaka huu, na huyu ni tasi aliyebeba mayai kwa mara ya kwanza. Watu waliinuka wakaja kupima kwa mikono yao. Mabishano yaliyofuata yalikuwa mazito kuliko yale ya chumba cha mtihani wangu.

Wengine walitaka sehemu ya ghuba ifungwe, kama wanavyofunga wenzao wa Kisiwa Panza, Pemba, kwa ajili ya pweza. Nikaeleza ninachokijua. Njia hiyo ilianza kupata sifa huko Andavadoaka, Bukini (Madagaska), mwaka 2004, na kwa pweza inafaa kwa sababu hukua kwa kasi na maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja au zaidi kidogo. Miezi michache ya kumwacha huonekana kwenye mizani. Tasi naye hukua haraka, ila hatulii mahali pamoja, kwa hiyo ukifunga kipande kidogo unalinda majani zaidi ya kumlinda yeye. Chewa ni habari nyingine kabisa: huanza maisha akiwa jike na ukubwani hugeuka dume, na ukiwamaliza wakubwa unawaacha majike bila madume. Hakuna kufunga kwa miezi mitatu kutakakomtibu huyo. Mtegaji mmoja akauliza kuhusu madema yenye mwanya. Nikamwambia Kenya yalijaribiwa: mwanya mwembamba ulioachwa kwenye dema uliwatoa wadogo, na wavuvi hawakupoteza kipato. Hilo ndilo lililowavutia zaidi, kwa kuwa halimfukuzi mtu baharini.

Kijana wa nyavu za kukokota akasimama. "Dada, mimi nikiacha wavu leo, wanangu wanakula nini kesho?" Sikuwa na jibu, na nilimwambia sina. Kenya ilipiga marufuku juya, wavu wa kukokota, tangu 2001, na bado yapo madiko yanayolitumia. Msimamo wangu ni kwamba wavu ule unaiua ghuba na lazima uondoke. Ninaamini pia kwamba anayeandika mapendekezo ya kuuondoa bila kuandika mtu huyu atakwenda na chombo gani na kwa fedha za nani, hajamaliza kuandika. Niliirudia sura yangu ya mwisho kwa sababu ya swali lake.

Nakala za takwimu zote, bila majina, nikaziacha kwa kamati ya uvuvi pamoja na fomu tupu na bodi ya kupimia. Makatibu wao wawili nilikuwa nimewafundisha kuzijaza.

Tulipokuwa tunakunja mikeka, bibi mmoja wa wale wa kukaanga akanishika mkono. "Mwanangu, umepima samaki wa madema na wa nyavu mwaka mzima. Pweza na chaza tunaowafuata sisi kwa miguu maji yakitoka, mbona hujawapima?" Fomu yangu haikuwa na nafasi ya mtu asiye na chombo. Kanuni za Bara zinataka pweza asipungue gramu 500, na kwa wanawake wa Chwaka sikuweza kusema hata kama wanaowachokoa wako juu au chini ya hapo. Fomu mpya ninayoiandaa sasa ina safu ya wavuvi wa miguu, saa walizokaa mwambani, na uzito wa kila pweza. Mizani itakaa kwa yule bibi, kwa sababu ndiko wenzake wanakopita wakirudi.